Jinsi ya Kufuatilia Urejeaji wa Mimea Katika Ardhi ya Mgodi wa Wazi Iliyokarabatiwa

Miezi michache baada ya kifusi kusawazishwa, udongo kutandazwa na mvua kunyesha juu ya mbegu, ardhi iliyokuwa shimo la mgodi hugeuka kijani, na aghalabu hapo ndipo picha hupigwa na ripoti huandikwa. Kijani hicho cha mwanzo hakithibitishi mengi. Mara nyingi ni nyasi zinazoota upesi, zilizopandwa kuzuia mmomonyoko, zikineemeka kwa mbolea iliyomwagwa pamoja na mbegu. Mbolea ikiisha katika mwaka wa pili au wa tatu, nyasi hupauka, hubaki vishungi vilivyoachana, na udongo uliokuwa umefichika huonekana tena. Mfuatiliaji anatakiwa kujibu swali gumu zaidi kuliko la kama pameota au hapakuota: je, mimea iliyopo inaweza kujitegemea, kuzaa na kushika udongo bila mtu kuirudia kwa mbolea, maji na mbegu? Mwongozo huu unaeleza namna ya kupata jibu hilo kwa vipimo ambavyo mtu mwingine ataweza kuvirudia miaka kumi baadaye.

Kabla ya kwenda uwandani

Kusanya kwanza historia ya kila kipande cha ardhi: mwaka ambao kifusi kilirudishwa na kusawazishwa, aina ya miamba iliyomo ndani yake, kina cha udongo wa juu uliotandazwa, muda ambao udongo huo ulikaa kwenye lundo kabla ya kutumika, aina na uzito wa mbegu kwa hekta, na kiasi cha chokaa, mbolea na matandazo. Muda wa kukaa kwenye lundo hupuuzwa na wengi, ilhali udongo uliorundikwa kwa miaka hupoteza sehemu kubwa ya mbegu zilizo hai pamoja na viumbe vidogo vinavyoulisha, hasa katika tabaka za ndani zisizopata hewa. Vipande viwili vilivyopandwa siku moja kwa mbegu zile zile vinaweza kutofautiana kabisa kwa sababu kimoja kilipata udongo uliotoka kuchimbwa wiki ile na kingine kilipata udongo wa lundo la zamani, na mfuatiliaji asiyejua hilo atailaumu mvua.

Baada ya historia, andika lengo la ardhi. Ardhi inayokusudiwa kuwa malisho hupimwa kwa ufunikaji wa nyasi na uzito wa malisho makavu kwa hekta. Ardhi ya msitu hupimwa kwa idadi ya miti hai kwa hekta, urefu wake, na miche inayoota yenyewe. Makazi ya viumbe asili hupimwa zaidi kwa idadi ya spishi na uwiano wake. Lengo likiandikwa kwa maneno kama "uoto mzuri" au "mandhari ya kuridhisha", hakuna kipimo kitakachoweza kulithibitisha wala kulikanusha. Pamoja na lengo, andika mapema kiwango ambacho kikivukwa kitalazimu hatua kuchukuliwa, hatua yenyewe, na nani ataichukua. Kwa mfano, kwamba udongo mtupu ukizidi theluthi moja ya ardhi mwishoni mwa msimu wa pili wa mvua, sehemu hiyo itapimwa udongo na kupandwa upya kabla ya msimu wa tatu. Viwango vinavyobuniwa baada ya matokeo kujulikana vina tabia ya kushuka hadi pale matokeo yalipo.

Mfano mmoja wa kiwango kilichoandikwa kwa makini ni wa kanuni za Marekani zinazotokana na sheria ya mwaka 1977 ya uchimbaji wa wazi wa makaa ya mawe. Kwa mujibu wa kanuni hizo, ufunikaji wa ardhi huhesabiwa kuwa umetosha ukifika angalau asilimia 90 ya kiwango kilichoidhinishwa, kwa vipimo vyenye uhakika wa kitakwimu wa asilimia 90. Mwenye mgodi hubaki na wajibu juu ya uoto kwa muda usiopungua miaka 5 kamili, au miaka 10 katika maeneo ambayo wastani wa mvua kwa mwaka hauzidi inchi 26, yaani takriban milimita 660. Linalofaa kuigwa hapo, hata penye sheria tofauti, ni kwamba miaka hiyo huanza kuhesabiwa baada ya mwaka wa mwisho wa kuongeza mbegu, kutia mbolea au kumwagilia. Anayerudi kuisaidia mimea huanza kuhesabu upya.

Eneo la kulinganishia

Vipimo vya ardhi iliyokarabatiwa peke yake havisemi lolote mpaka vipate cha kulinganishwa nacho. Chagua maeneo mawili au matatu ya jirani ambayo hayakuchimbwa, yenye mteremko, mwinuko na aina ya udongo inayokaribiana na ya ardhi yako, na yenye matumizi yale yale. Usichague msitu mzuri kuliko yote katika wilaya kisha ukalaani ardhi ya mgodi kwa kutofanana nao, wala usichague pori lililochakazwa ili ardhi yako ionekane bora. Angalia pia mifugo: ikiwa ardhi ya mgodi imezungushiwa uzio na eneo la kulinganishia linachungwa kila siku, utakuwa unapima athari ya uzio.

Maeneo hayo yote yapimwe kwa njia ile ile na katika wiki ile ile. Tuseme katika mwaka wa tatu ufunikaji wa mimea ni asilimia 45 kwenye ardhi ya mgodi na asilimia 60 kwenye eneo la kulinganishia, yaani ardhi ya mgodi imefika robo tatu ya jirani yake. Mwaka wa nne mvua ikakosekana, na vipimo vikawa 36 na 44. Anayetazama namba ya kwanza tu ataandika kwamba uoto umerudi nyuma kwa pointi 9. Anayetazama uwiano ataona umepanda kutoka asilimia 75 hadi karibu 82, maana yake mimea ya mgodini ilistahimili ukame vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Bila eneo la kulinganishia, pesa za kupanda upya zingemwagwa mahali pasipohitaji.

Kugawa ardhi na kuweka ploti

Ardhi ya mgodi ina viraka vingi kuliko ardhi ya kawaida, kwa hiyo igawe katika mafungu kabla ya kuchagua mahali pa kupima. Mafungu yafuate mwaka wa kupanda, aina ya kifusi kilichoko chini, kina cha udongo wa juu, na ukali na mwelekeo wa mteremko. Ndani ya kila fungu, acha kompyuta ichague nukta kwa bahati nasibu ukiwa ofisini, kisha nenda mahali ilipoelekeza na upime hapo hapo. Hamu ya kusogeza ploti hatua tatu ili ikwepe korongo au ipate kichaka kizuri ni kubwa, na imeharibu vipimo vingi kuliko hesabu mbovu. Sababu pekee ya kuhama ni hatari kwa maisha, kama ukingo wa shimo au ukuta wa mwamba unaomeguka, na sababu hiyo iandikwe kwenye fomu. Mtu asiende katika maeneo hayo peke yake.

Kila ploti iwe na mstari wa kudumu wa mita 50 wenye kigingi kila mwisho. Kigingi cha chuma kilichopigwa hadi kikaribie usawa wa ardhi na kuvishwa kifuniko cha rangi kinafaa, ingawa chuma kina wanaokihitaji kwa kazi nyingine. Bomba la plastiki lililojazwa saruji haliwavutii. Kifaa cha GPS cha mkononi kinaweza kukosea kwa mita kadhaa, hivyo usikitegemee peke yake: andika pia mwelekeo wa dira na umbali kutoka kwenye alama isiyohama, kama vile jiwe kubwa au nguzo ya zege.

Kabla ya kuutandika mkanda wa kupimia, tazama mistari ya trekta. Ardhi nyingi za migodi hupasuliwa kwa majembe ya kina na kupandwa kwa mistari inayofuata mzunguko wa kilima. Mkanda ukitandikwa sambamba na mistari hiyo, unaweza kuangukia wote juu ya mstari wa miche, ukasoma msitu, au wote katikati ya mistari, ukasoma jangwa. Ukate mistari kwa mshazari. Kwa njia hiyo utavuka pia mifereji midogo inayochongwa na maji yanayoteremka, ambayo nayo ni sehemu ya unachokitafuta.

Idadi ya ploti isikisiwe. Pima ploti 10 za majaribio, kokotoa wastani na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi ploti zinavyotofautiana, kisha zidisha mkengeuko huo kwa thamani ya t, yaani namba ya jedwali la takwimu inayotegemea idadi ya ploti na uhakika unaoutaka, gawanya kwa kosa unaloweza kulivumilia, na uzidishe jibu kwa lenyewe. Wastani ukiwa asilimia 42, mkengeuko 14, na ukitaka kosa lisizidi moja ya kumi ya wastani, yaani 4.2, kwa uhakika wa asilimia 90, thamani ya t kwa ploti 10 ni 1.83. Mara 14 ni 25.62; gawanya kwa 4.2 upate 6.1, mara yenyewe ni 37.2, kwa hiyo unahitaji ploti 38. Ukikubali kosa la moja ya tano, ploti 10 zinatosha. Tofauti hiyo ya kazi, kutoka ploti 10 hadi 38, ndiyo inayopaswa kujadiliwa na mwenye ardhi kabla ya mkataba kusainiwa.

Kupima ufunikaji

Njia ninayoiamini kuliko nyingine kwa mimea mifupi ni ya nukta, kwa sababu haiachi nafasi kubwa ya kukisia. Nyosha mkanda wa mita 50 kutoka kigingi hadi kigingi, na kila baada ya sentimita 50 shusha waya mwembamba ulionyooka, wima, hadi uguse ardhi. Utapata nukta 100. Katika kila nukta andika mmea wa kwanza ulioguswa na waya, kisha mimea mingine iliyoguswa chini yake, na mwisho kile ambacho ncha ya waya imekigusa ardhini: shina la mmea, majani makavu, jiwe, kuvu na mwani wa juu ya udongo, au udongo mtupu. Tembea upande mmoja wa mkanda tu na usome upande wa pili, la sivyo mwaka ujao utakuwa unapima nyayo zako.

Tuseme nukta 38 kati ya 100 ziligusa mmea. Katika nukta 62 zilizobaki, ncha iligusa majani makavu mara 19, jiwe mara 11 na udongo mtupu mara 32. Ripoti nyingi zitachukua ile 38 na kuishia hapo. Namba inayonihangaisha mimi ni 32, kwa kuwa karibu theluthi ya ardhi inapigwa na matone ya mvua moja kwa moja, na kwenye mteremko mkali hiyo ndiyo mifereji ya kesho. Namba ya 19 nayo ni habari njema iliyojificha: majani makavu yanapoanza kulundikana, halafu mwaka unaofuata ukakuta ya chini yameanza kuoza na kushikamana na udongo, mzunguko wa rutuba umeanza kufanya kazi. Majani yanayolundikana mwaka hadi mwaka bila kuoza yanaonyesha kwamba wadudu na kuvu wa kuyavunja bado hawajafika.

Njia ya nukta ina udhaifu mmoja, nao ni kupitwa na spishi adimu. Kwa sababu hiyo, weka kando ya mkanda, kila baada ya mita 5, fremu ya sentimita 20 kwa 50, na kadiria ufunikaji wa kila spishi kwa madaraja sita yanayojulikana kwa jina la Daubenmire, aliyeyachapisha mwaka 1959: 0 hadi 5, 5 hadi 25, 25 hadi 50, 50 hadi 75, 75 hadi 95, na 95 hadi 100. Katika hesabu tumia katikati ya kila daraja, yaani 2.5, 15, 37.5, 62.5, 85 na 97.5. Upana wa madaraja ni wa makusudi, kwa sababu jicho la binadamu haliwezi kutenganisha asilimia 33 na 36, na fomu inayomtaka afanye hivyo inamfundisha kubuni.

Mmea usiotambulika upewe namba ya muda, ukatwe sampuli yenye ua au tunda nje ya ploti, na ukaushwe kati ya karatasi za gazeti ukiwa na tarehe na namba ya ploti. Andika jina la kienyeji pamoja na la kisayansi, kwa kuwa jina moja la kienyeji hubeba spishi tatu kwa urahisi. Kisha tenga spishi katika makundi: zilizopandwa, asili zilizokuja zenyewe, na vamizi. Ufunikaji wa asilimia 70 ambao 60 kati yake ni gugu moja vamizi ni tatizo lililovaa kijani.

Miti na vichaka

Kwa miti, tumia ploti za duara: kamba ya mita 5.64 iliyofungwa kwenye kigingi cha katikati huzungusha eneo la mita za mraba 100, hivyo kila mti ndani yake ni sawa na miti 100 kwa hekta. Pima kamba ikiwa mlalo hata kwenye mteremko. Kila mche uliopandwa upewe lebo ya namba, na upimwe urefu na kipenyo cha shina karibu na ardhi. Mti ukiwa mkubwa, kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini.

Asilimia ya miche iliyosalia ndiyo namba inayodanganya kuliko zote katika kazi hii, na kwa kawaida haidanganyi kwa makusudi. Miche 200 ilipandwa. Baada ya kiangazi cha kwanza 164 ilikuwa hai. Wafanyakazi wakajaza mapengo 36. Baada ya kiangazi cha pili ikahesabiwa 170. Mtu ataandika asilimia 85. Ukifuata lebo, huenda ukakuta kwamba ya mwanzo iliyo hai ni 140 na ya kujazia ni 30, kwa hiyo miche ya mwanzo imesalia kwa asilimia 70, na jumla ya miche 236 imetumika kupata 170. Miche ya kujazia ipewe lebo ya rangi nyingine, na tarehe yake iandikwe.

Hesabu kando, bila kuichanganya na hiyo, miche iliyoota yenyewe. Mche uliotokana na mbegu ya mti uliopandwa hapo hapo, ukavuka kiangazi kimoja, una uzito wa ushahidi kuliko miti kumi iliyoletwa kutoka kitaluni, kwa sababu unaonyesha kwamba maua yalichavushwa, mbegu ilikomaa, udongo uliipokea na mizizi ilipata maji bila msaada. Tazama pia ni mbegu za aina gani zinazofika. Zile zenye manyoya huletwa na upepo na hutangulia. Miche ya matunda yenye nyama, ikionekana chini ya miti wanakotua ndege, inaonyesha kwamba ndege wameanza kuitumia ardhi hiyo kama njia yao.

Kutazama chini ya majani

Viraka vitupu visivyoziba mwaka baada ya mwaka vinastahili muda kuliko sehemu zilizostawi. Vichore kwenye ramani kwa kuzunguka ukingo wake na GPS, na uchimbe shimo la kina cha sentimita 40 ndani ya kiraka na lingine kwenye uoto wa karibu, ili uone tofauti mbili kando kwa kando.

Utando wa njano au wa rangi ya kutu juu ya udongo ni dalili ya madini ya salfaidi yaliyokutana na hewa na maji yakazaa tindikali. Pima pH, yaani namba inayoshuka kadiri tindikali inavyozidi, na ikiwa chini ya takriban 4, alumini iliyoyeyuka itakuwa inachoma ncha za mizizi, na kumwaga mbegu zaidi ni kuzitupa. Utando mweupe wakati wa kiangazi mara nyingi ni chumvi, na hupimwa kwa upitishaji umeme wa maji ya udongo, ambapo desisimensi 4 kwa mita ndizo mpaka wa kawaida wa kuuita udongo wa chumvi. Mizizi inayoshuka vizuri kisha ikapinda na kutambaa mlalo, kana kwamba imefika kwenye sakafu, imefika kweli: hapo pamegandamizwa na magurudumu ya malori. Uzito wa ujazo, yaani uzito wa udongo mkavu kwa ujazo wake, unaozidi takriban gramu 1.6 kwa sentimita ya ujazo huzuia mizizi ya mimea mingi, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi. Kifusi cheusi nacho hupata joto kali juani kiasi cha kuua mche mchanga hata penye maji ya kutosha, na dawa yake ni matandazo, wala mbolea haitasaidia.

Ikiwa mikunde ilipandwa ili kuleta nitrojeni, usiridhike kwamba ipo. Chimbua mmea mmoja kwa uangalifu nje ya ploti, suuza mizizi kwenye ndoo, na utafute vinundu vidogo vilivyoshikamana nayo. Kikate kimoja kwa ukucha. Ndani pakiwa na rangi ya waridi au nyekundu kama nyama, bakteria wanafanya kazi. Pakiwa peupe au pa kijivu, kinundu bado hakijaanza kazi au kazi haipo. Pakiwa pa kijani, kimechakaa. Kipimo hiki hakigharimu kitu na huchukua dakika kumi, na kinaeleza kwa nini shamba moja la mikunde linaboresha udongo na lingine linakaa tu.

Picha, ndege nyuki na setilaiti

Picha ya ardhini ni rahisi, na bado hukosewa. Simika nguzo mbili zilizoachana mita 10. Kamera iwe juu ya nguzo ya kwanza, mita 1.5 kutoka ardhini, ikielekezwa kwenye nguzo ya pili, kwa ukuzaji ule ule kila mwaka. Nenda na picha ya mwaka uliopita iliyochapishwa, uishike mkononi, na usogeze kamera mpaka mstari wa upeo na jiwe la nyuma vikae mahali pale pale. Ubao mdogo wenye namba ya ploti na tarehe uonekane ndani ya picha, kwa sababu majina ya mafaili hupotea.

Setilaiti husaidia kuona ardhi yote kwa pamoja na kurudi nyuma kabla hujaajiriwa. Kumbukumbu za Landsat zinaanzia mwaka 1972, zile zenye pikseli (vipande vidogo vinavyounda picha) za mita 30 zinaanzia miaka ya 1980, na zimekuwa bure tangu mwaka 2008. Sentinel-2, iliyorushwa mara ya kwanza mwaka 2015, inatoa pikseli za mita 10. Kipimo kinachotumika sana ni NDVI: mwanga wa infraredi ya karibu ukitolewa mwanga mwekundu, kisha ukagawanywa kwa jumla ya vyote viwili. Jani lenye afya humeza mwanga mwekundu na kuurudisha ule wa infraredi, kwa hiyo udongo mtupu huwa karibu na 0.1 au 0.2, na uoto mnene hupanda kuvuka 0.6. Hata hivyo, setilaiti haijui gugu na mti asili, na uoto ukishakuwa mnene namba huacha kupanda hata kama msitu unaendelea kukua. Itumie kuchagua pa kwenda kuchimba, hasa pale ambapo mstari wa namba unashuka kwa miaka miwili mfululizo huku eneo la kulinganishia likipanda.

Ndege nyuki, yaani droni, huziba pengo kati ya hatua zako na pikseli hizo. Irushe kwa kimo kile kile na karibu na saa sita mchana, vivuli vikiwa vifupi, ukiwa na kibali kinachohitajika.

Wakati, watu na fomu

Pima mara mbili kwa mwaka ukiweza: karibu na mwisho wa mvua, mimea ikiwa na maua na utambuzi ukiwa rahisi, na mwisho wa kiangazi, kujua mimea iliyosalia. Usiifuate kalenda kwa upofu. Mvua zikichelewa wiki nne, nawe chelewa wiki nne, ili mimea iwe katika hatua ile ile ya ukuaji. Baada ya miaka mitano ya kwanza, kila baada ya miaka miwili au mitatu inatosha, isipokuwa moto, mafuriko au mifugo vikiingia.

Wapimaji wawili wasome fremu 10 zile zile kila mmoja peke yake mwanzoni mwa msimu, kisha walinganishe. Wakitofautiana zaidi ya daraja moja, warudi kwenye fremu pamoja kabla ya kazi kuanza. Katika fomu, sifuri na nafasi tupu visichanganywe: sifuri ni kwamba nilitafuta nikakosa, na kistari ni kwamba sikutafuta. Anayeingiza namba kwenye kompyuta miezi mitatu baadaye hana njia nyingine ya kujua.

Vipimo vikionyesha, kwa misimu miwili isiyo na msaada wa aina yoyote, kwamba ufunikaji umefikia kiwango kilichoandikwa, udongo mtupu haupanuki, spishi vamizi hazipandi, na kizazi cha pili cha mimea kimevuka kiangazi, ufuatiliaji wa karibu unaweza kusitishwa. Siku ya mwisho usiving'oe vigingi. Vipake rangi upya, na mkabidhi anayepokea ardhi orodha ya viwianishi, dira na umbali wa kila ploti, pamoja na nakala ya fomu za mwaka wa kwanza, zile zilizoandikwa wakati nyasi za mbolea bado zilikuwa kijani.